Sura Sita za Marehemu

Siku ya sabini na tatu ya eda yake, Bi Saadiya Simai aligundua kwamba kitabu chake hakukiandika yeye. Si chote, la. Sura kumi na nane za mwanzo zilikuwa zake, nukta kwa nukta, hata yale maneno mawili matatu aliyoyajutia baadaye. Lakini sura ya kumi na tisa ilipofunguka kwenye kioo cha simu alisoma mstari wa kwanza, akausoma tena, akavua miwani akaifuta kwa upindo wa kanga, kisha akausoma mara ya tatu. Raya, mwanamke wa hadithi aliyemlea kwa kalamu ya risasi miaka minne, alikuwa amesimama mlangoni, begi mkononi. Mpaka hapo sawa. Ila katika daftari la Bi Saadiya, Raya alitoka akashika njia ya kwenda kusomesha Pemba. Kwenye simu, Raya alimsikia mumewe akikohoa chumbani, akaliweka begi chini, akarudi ndani kumchemshia maji ya tangawizi.

"Tangawizi!" alisema Bi Saadiya kwa sauti, peke yake chumbani. "Mimi na tangawizi wapi na wapi?"

Alisoma tangu asubuhi mpaka adhuhuri ikamkuta pale pale juu ya godoro. Raya hakutoka tena. Alimuuguza mume, mume akapona, akatubu, akamjengea kidarasa uani ili asomeshe watoto wa mtaa, wakazeeka pamoja wakipendana. Sura sita nzima, na ndani yake hakuna sentensi hata moja ya Bi Saadiya. Kilichomuudhi kuliko vyote ni kwamba zilikuwa nzuri. Pale mume anapomwomba Raya radhi, mwenyewe Bi Saadiya machozi yalimtoka, akakasirika kwa kuyaona.

Hakuhitaji mpelelezi kumjua aliyefanya hivyo. Simu aliyoishika ilikuwa ya marehemu mumewe, Msabah.

Msabah alifanya kazi miaka thelathini katika kiwanda cha chapa, kazi yake kusoma karatasi kabla hazijachapwa na kuyatoa makosa. Ilikuwa kazi na ilikuwa maradhi. Akinunua karanga zilizofungwa gazetini, ataanza kusahihisha gazeti kabla hajala karanga. Bi Saadiya kwa upande wake alikuwa mwalimu wa skuli ya msingi, na alipostaafu alianza kuandika hadithi kwenye madaftari ya kurasa themanini, kama aliyoyasahihisha maisha yake yote. Zamani mwandishi alipeleka mswada kwa mchapishaji akasubiri mpaka akasahau aliandika nini. Siku hizi, alisema binti yao Salhiya anayekaa Amani, kitabu unakipeleka mwenyewe kwenye mikono ya watu, sura kwa sura. Akafungua kundi la WhatsApp, akaliita Wasomaji wa Bi Saadiya, na chini yake akaandika: wanawake tu, waume hawaruhusiwi. Kwa hilo wanawake wangejiunga bila ya kugombezwa majumbani mwao.

Kundi lilifunguliwa kwenye simu ya Msabah, kwa kuwa Bi Saadiya alikuwa na kitochi chake cha vibonyezo na simu kubwa ilimuumiza macho. Nani alijiuliza? Mke anaandika, mume anapiga chapa kwa vidole gumba viwili, na kila sura ikikamilika, Alhamisi baada ya alasiri inakwenda. Kisha Msabah alikaa kitini akamsomea majibu ya wasomaji.

"Wanasemaje juu ya Raya?" aliuliza Bi Saadiya walipofika sura ya kumi na tisa.

"Wanalia."

"Wanalia kwa furaha au kwa huzuni?"

"Wewe si unawajua wanawake wenzako," alijibu Msabah, akainuka kwenda kuzima jiko ambalo halikuwashwa.

Sasa Msabah yuko kaburini, Mungu amrehemu, na Bi Saadiya ni kizuka ndani ya nyumba ya Mkunazini, nguo nyeupe, hana manukato, hatoki, anahesabu miezi minne na siku kumi. Simu ilikaa ndani ya droo, imezimika, tangu wiki ya matanga. Ilitolewa kwa ajili ya Tahiya.

Tahiya alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, mhariri wa kampuni inayoweka vitabu kwenye simu, vya kusoma na vya kusikiliza. Alikuja Jumatatu, akatoa shikamoo, akatoa pole, akasema kampuni yake inakitaka kitabu cha Bi Saadiya kiwe cha kwanza. Maandishi yote alishayapata kwa msomaji mmoja wa kundini. Kilichobaki ni mwandishi ayapitie, aseme ndiyo, si zaidi ya Jumamosi, maana Jumatatu inayofuata wanafungua mlango. Ndipo Bi Saadiya akaichaji simu, akaanza kukisoma kitabu chake kwa mara ya kwanza.

Jumatano Tahiya aliporudi, alimkuta mwenyeji wake amekaa wima, madaftari yamepangwa mbele yake.

"Mwisho huu si wangu," alisema Bi Saadiya. "Wangu huu hapa. Raya anaondoka."

Tahiya alichukua daftari, akasoma kurasa tatu nne kimya kimya. Mtoto alikuwa na adabu, na alikuwa na macho ya kazi. "Bi Saadiya, hii ni kali."

"Nnajua."

"Lakini watu wameshaizoea ile nyingine. Wameipenda. Kuna watu wamesoma sura ya ishirini na nne mara mbili tatu. Tukiwageuzia leo, watasema tumewaibia." Akafikiri, uso ukamchangamka. "Sikiliza. Kwenye simu hatufungwi na karatasi. Tunaweka miisho yote miwili. Msomaji akifika mlangoni anaulizwa: Raya atoke au arudi? Anabonyeza anachokitaka."

"Anabonyeza?"

"Naam. Kila mtu anapata Raya wake."

"Mwanangu," alisema Bi Saadiya, na sauti yake ilikuwa ile aliyowasemesha darasa la sita miaka mingi, "Raya hajachukua miaka kumi na nane ya ndoa kuufikia mlango ule ili mtu mwengine ambonyezee. Anatoka. Akitaka kurudi mtu, arudi yeye msomaji."

"Basi wasomaji tutawaambia nini?"

Bi Saadiya alimwambia Tahiya asubiri mpaka Jumamosi ile, na binti alipokwisha kuteremka ngazi, akaifungua simu kuyatafuta majibu ya wale wasomaji, ayasome kwa macho yake.

Miaka minne ya ujumbe si kitu cha kusomwa kwa kikao kimoja. Aliupitia mchana kutwa. Na kadiri alivyosoma ndivyo jambo la pili lilivyomfungukia, nalo lilikuwa baya kuliko la kwanza. Wanawake wale mia sita na kumi na mbili hawakuwa wakizungumza na Msabah. Walikuwa wakizungumza na Bi Saadiya. Waliandika "Bi Saadiya mama yetu," wakaandika "Bi Saadiya wewe ndiye wa kutuelewa," na chini yake wakamwaga ya moyoni: mume aliyehama kitanda, mimba zilizotoka, mkwe mwenye ulimi, dawa ya hiki na dawa ya kile. Na aliyewajibu, kwa jina la Bi Saadiya, alikuwa mwanamume mzima mwenye kanzu na ndevu, amekaa kitini mwake na kikombe cha chai.

Kwa haki yake, aliwajibu kwa shida. "Ahsanteni wanangu." "Inshallah kheri." Na kila mazungumzo yalipoingia chumbani, Msabah aliandika haraka haraka: "Bibi zangu, mambo hayo yawekeni faragha." Aliandika hivyo mara arubaini na kitu. Wanawake wakamwona Bi Saadiya mcha Mungu wa kupindukia, mmoja akamuuliza kama watoto wake aliwaokota. Bi Saadiya alicheka mpaka akajifunika mto, kisha kicheko kikamgeuka kilio, kwa sababu aliiona sura ya mumewe ilivyokuwa ikisoma yale, masikio yamemwiva, hajui pa kukimbilia. Angeweza kusema wakati wowote, "Mimi si Saadiya." Hakusema.

Sasa lilikuwa wazi. Kumrudisha Raya wake kulitaka kuwaambia wasomaji ni nani aliyemzuia. Na kuwaambia hilo ni kuwaambia mia sita nzima kwamba mwanamume alikaa katikati yao miaka minne, kwa jina la mkewe, naye ni maiti ambaye mkewe bado yumo katika eda yake.

Jioni alimwambia wifi yake, Bi Duni. Alikuwa dada mkubwa wa Msabah, aliyehamia pale tangu msiba kumkalia kizuka. Bi Duni alikuwa akichambua mchele. Aliusukuma ungo kando.

"Hutosema," alisema.

"Nitasema, wifi."

"Maiti anasitiriwa, Saadiya. Kaburi halijakauka, unataka kumtangaza? Watu watamwita nani? Mwanamume aliyejificha kwenye kundi la wake za watu! Kwa ajili ya hadithi? Ya mtu asiyekuwepo?"

"Kwa ajili ya kitabu changu."

"Kitabu kimetoka kizuri! Kila mtu anakisifu. Jina lako liko juu. Unataka nini tena?"

"Nataka kiwe changu. Wifi, unaukumbuka mwaka nilioitwa chuo Dar es Salaam? Miaka miwili tu. Begi lilishafungwa. Wiki ile ile pumu ikampanda Msabah, nikalifungua begi, na maji ya tangawizi nikachemsha mimi. Si kwamba alinikataza. Hakunikataza, aliumwa kweli. Na hatukulizungumza tena mpaka anakufa. Nimeandika madaftari kumi na moja ili mwanamke mmoja, mmoja tu, wa karatasi, apite mlango ule. Akamrudisha. Pale pale, kwa tangawizi ile ile, akamrudisha."

Bi Duni alijibu kwa sauti ndogo.

"Alinijia, ujue. Siku aliyolisoma daftari lile. Akanambia, 'Dada, Saadiya kaandika kwamba anaondoka.' Nikamwambia, si yeye, ni Raya. Akanambia, 'Wewe hujui kusoma makosa, mie najua. Ni yeye. Nikilipiga chapa hili, ataondoka kweli.' Alilia, wifi. Mtu mzima na mvi zake. Ndipo akaanza kuandika ya kwake."

"Wewe ulijua?"

"Nilijua."

Bi Saadiya alihisi hasira ikimpanda tangu miguuni, na juu ya hasira aibu ya kumkasirikia marehemu ambaye asubuhi ile ile alimsomea Yasini. Hakuificha. "Angenambia mimi," alisema. "Sio wewe. Sio wanawake mia sita. Mimi nlikuwa chumba cha pili."

Bi Duni alichukua ungo wake akatoka. Usiku ule hawakusemezana, na asubuhi waliamkuana kwa midomo tu.

Alhamisi, baada ya alasiri, saa ile ile ya sura, Bi Saadiya alikaa karibu na dirisha na kuiweka simu juu ya paja. Kuandika asingeweza, vidole vyake vilikuwa vizito na sura sita zingemchukua mwezi. Salhiya alikuwa ameshamwelekeza kwa kitochi: bonyeza penye kipaza sauti, usiachie mpaka umalize. Akabonyeza.

"Assalaam alaykum, dada zangu na wanangu. Hii ni sauti yangu mimi, Saadiya Simai. Hamjapata kuisikia, kwa sababu katika kundi hili sijapata kuingia hata siku moja. Niliandika daftarini. Aliyepiga chapa na aliyekujibuni ni mume wangu, Msabah, Mungu amrehemu. Mlizungumza mkijua mko wanawake watupu, na hamkuwa. Kwa hilo nakuombeni radhi, kwa niaba yake na kwa niaba yangu, maana ningeuliza ningejua, na sikuuliza. Jambo la pili. Tangu sura ya kumi na tisa, mlichosoma ni chake, si changu. Hakunambia. Anayetaka kutoka atoke, sina kinyongo. Atakayebaki, leo naanza kumsomea Raya kama nilivyomwandika."

Akaachia. Kwanza kimya. Kisha kioo kikaanza: fulani ametoka, fulani ametoka, fulani ametoka. Aliwahesabu mpaka arubaini akaacha. Mmoja aliandika kabla ya kutoka: "Mungu atakulipeni nyote wawili." Mwengine: "Mume wangu akijua nitaachwa." Hilo la mwisho lilimkata maini. Alimjibu kwa sauti, peke yake, amtake radhi tena, lakini mwenyewe alikuwa ameshaondoka na ujumbe ukabaki bila ya kusikilizwa.

Ndipo ilipoingia sauti ya mwanamke, nyuma yake upepo na vicheko vya watu wengi.

"Bi Saadiya, shikamoo. Mimi Sichana, Jambiani. Tuko wanane hapa tunafunga mwani, na sote tumekusikiliza. Mimi nimekasirika, nakwambia kweli. Nilieleza humu habari za uzazi wangu, unazijua wewe? Huzijui, kazijua yeye! Nikaambiwa, 'bibi yangu, hayo yaweke faragha,' nikanuna wiki nzima nikasema huyu kikongwe kajifanya hajazaa." Wenzake walipiga ukelele wa kicheko. "Haya. Mungu amsamehe, kumbe maskini alikuwa anakimbia. Sasa tusomee. Sisi mwisho ule tuliupenda, lakini hapa palizuka mzozo tangu siku ile. Mie nlisema mwanamke yule haijuzu arudi. Katoka au hakutoka?"

Bi Saadiya alichukua daftari la tisa. Hapo akakwama. Daftari lilikuwa limezoea kujifunga, lilihitaji mikono miwili, na simu ilitaka kidole kisichoachia. Alijaribu kulikandamiza kwa goti. Alijaribu kulisimamisha kwenye mto. Akaanza mstari wa kwanza, daftari likajifunga, akaanza upya, kidole kikateleza.

Mkono mwengine ukaja ukaichukua simu. Bi Duni alikaa mbele yake, uso ameugeuzia dirishani, kidole gumba juu ya kioo.

"Na sauti yako je?" alisema kwa ukali. "Umo edani."

"Kundi la wanawake, wifi. Safari hii la wanawake kweli."

"Soma basi, mkono wangu haukuumbwa chuma."

Alisoma sura mbili siku hiyo, mbili Ijumaa. Jumamosi asubuhi Tahiya alipiga simu. Alisema sauti zile zimeshatoka kundini, zinazunguka, mtu kamletea kutoka Nungwi na mwengine kutoka Maskati; wenye kampuni nao wamezisikia, na sasa wanauliza kama mwandishi atakubali kukisoma kitabu chote kwa sauti yake.

"Kwa mwisho upi?" aliuliza Bi Saadiya.

"Wako."

"Mmoja?"

"Mmoja tu, Bi Saadiya. Lakini wameniagiza nikuulize, zile sura sita za marehemu. Watu bado wanazitaka. Tuziweke mbali, kwa jina lake?"

"Zile si zangu kuzitoa. Zina warithi. Nikishatoka eda tutakaa na mwanangu na wifi yangu, tuzungumze. Ila ziandikieni kwamba ni nzuri. Hilo ni kweli."

Mchana ule alisoma sura ya ishirini na tatu na ya ishirini na nne. Kundini walibaki mia nne na themanini na tisa. Alisoma Raya alivyofika, alivyopewa chumba chenye dirisha moja, alivyosimama siku ya kwanza mbele ya watoto arubaini na chaki mkononi, na jinsi barua ya mumewe ilivyomfikia akaisoma, akalia, akaikunja, akaingia darasani. Hapo kitabu kiliisha. Bi Duni aliinua kidole taratibu. Ujumbe ulianza kumiminika, wengine wakilaani, wengine wakishangilia, na Sichana akitukana watu wa kwao kwa furaha, lakini Bi Duni aliilaza simu kifudifudi juu ya godoro.

"Nikuulize, wifi. Kwa haki ya Mungu." Macho yake yalikuwa mekundu. "Angelipiga chapa lile daftari kama ulivyoandika. Ungeondoka?"

"Wapi! Na miaka sitini na tano hii?"

"Nakuuliza kweli."

Bi Saadiya alilifunga daftari, akaliweka juu ya mengine.

"Nisingeondoka," alisema. "Nilimpenda. Ndiyo maana nikamwandika Raya, aende yeye."